Mgonjwa wa Saratani Aulizwe Kwanza



Katika vijitabu vyetu vilivyotangulia tumesema juu ya ardhi inayoporwa, ujira usiolipwa na mahabusu wanaosahauliwa magerezani. Safari hii tunasema juu ya kitanda cha mgonjwa wa saratani. Huko nako kuna dhuluma, tena ya namna ya pekee, kwa kuwa wanaoitenda humpenda yule wanayemdhulumu. Dhuluma yenyewe ni hii: mgonjwa huamuliwa. Daktari huamua, ndugu huamua, wachangaji huamua. Mwenye mwili ndiye wa mwisho kujua, na mara nyingine hufa bila kujua.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane mwenye watoto wanne, alianza kutokwa damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Zahanati ikampeleka hospitali ya wilaya, hospitali ya wilaya ikamwandikia rufaa, na huko akakatwa kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari alimwita kijana wake mkubwa kwenye korido. Mama alibaki kwenye benchi, ameshika bahasha ya majibu yake mwenyewe, yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Jioni ya siku waliyorudi, ukoo ukakutana. Walikuwapo shemeji zake wawili, kaka yake, kijana mkubwa, na sisi wawili wa kamati ya haki na amani tulioalikwa kwa ajili ya mchango. Tuliafikiana kwamba asafirishwe kwenda mbali kupata mionzi, kwamba shamba la bondeni liuzwe, na kwamba asitajiwe jina la ugonjwa wake, asije akafa moyo. Mama mwenyewe alikuwa jikoni. Alituletea chai.

Tulikunywa chai yake huku tukimwamulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Jina la ugonjwa wake alilisikia katika wiki ya pili ya mionzi, kutoka kwa mgonjwa mwenzake. Aliporudi alitushukuru wote kwa mchango, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba shamba lile alikuwa ameliweka kwa masomo ya binti yake wa mwisho. Kama angeulizwa, alisema, huenda angekubali kwenda na huenda asingekubali, lakini angejua anauza nini na kwa kununua nini. “Wanangu,” akasema, “mlinihudumia kama maiti. Maiti huoshwa vizuri, huvikwa vizuri, wala haulizwi.”

Mama huyo amekwisha kufariki, na watoto wake wameturuhusu tusimulie. Tunasimulia kwa sababu hakuwa peke yake. Kwa makadirio ya wataalamu wa kimataifa wa mwaka 2020, Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na wanaokufa kwa ugonjwa huo ni kiasi cha 27,000. Kwa wanawake, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza. Hebu kila msomaji ajiulize ni korido ngapi, na ni chai ngapi.

Jambo la kwanza tutakaloambiwa ni kwamba haya ni mawazo ya Wazungu, kwamba kwetu Afrika mtu haambiwi anakufa, na kwamba kwetu uamuzi ni wa ukoo. Hoja hii inasemwa na watu wenye heshima, nasi tunaijibu kwa heshima, lakini tunaijibu.

Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago, Marekani, waliulizwa kama huwaambia wagonjwa wao wa saratani ukweli. Kiasi cha 90 kwa kila 100 walisema hupendelea kutowaambia. Walihofu yale yale yanayohofiwa kwetu leo, kwamba mgonjwa atakata tamaa, au hata atajidhuru. Mwaka 1979 madaktari wa hospitali nyingine ya nchi hiyo, huko Rochester, waliulizwa maswali ya namna hiyo hiyo. Safari hii 97 kwa kila 100 walisema hupendelea kuwaambia. Kwa miaka 18 Wamarekani hawakubadili kabila. Walibadili desturi ya kazi. Kumbe kuficha hakukuwa mila ya Mwafrika hata siku moja. Kulikuwa mazoea ya waganga wa hospitali popote walipo, nasi tuliyapokea pamoja na makoti yao meupe, kisha tukayaita utamaduni wetu.

Na kama ni utamaduni, tuutazame vema. Ni mzee gani wa baraza aliyewahi kukata shauri la mtu huku mtu mwenyewe yuko jikoni? Hata mwizi wa kuku huitwa, husimamishwa katikati, huambiwa: sema. Mila zetu hazikuruhusu mtu ahukumiwe hayupo. Hatusemi ukoo uondoke, kwa maana Mwafrika haugui peke yake, na nauli haitoki mbinguni. Tunasema ukoo ukutane, na mgonjwa aketi katikati yake. Akisema, “Mwambieni mwanangu, mimi sitaki kusikia habari hizo,” hilo nalo ni neno lake na liheshimiwe. Wapo wanaopenda hivyo. Lakini alisemee mwenyewe, wala tusimsemee sisi kwa kudhani tunaujua moyo wake.

Kuna mwanamke mmoja ambaye habari zake zinafaa kusikilizwa katika kila wodi ya wanawake nchini, ingawa hakuwa wa kwetu. Aliitwa Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi, mama wa watoto watano. Mwaka 1951 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya mji wa Baltimore, akafariki mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 31. Madaktari walichukua chembe za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, zikaendelea kuishi katika maabara, na hadi leo zinatumika duniani kote. Utafiti uliofanywa kwa chembe hizo ni sehemu ya njia iliyotufikisha kwenye chanjo ambayo wasichana wetu wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2018. Dunia imekwisha kuzungumza sana juu ya chembe zilizochukuliwa. Sisi tunataka kuzungumza juu ya jambo lingine, dogo zaidi, lililomo katika kumbukumbu za hospitali zilizochapishwa baadaye: baada ya tiba kwisha kufanyika aliambiwa kwamba hatazaa tena, naye akajibu kwamba kama angeambiwa mapema asingekubali tiba ile.

Huenda angekosea. Huenda mwishoni angekubali, kwa ajili ya wale watano aliokuwa nao. Hatujui, wala madaktari wake hawakujua, kwa sababu hawakuuliza. Mionzi ya nyonga hukomesha uzazi. Huweza kuubana uke na kulifanya tendo la ndoa kuwa la maumivu. Huweza kudhuru kibofu na utumbo. Mara nyingi, pamoja na hayo yote, ndiyo njia bora ya kuokoa maisha. Mwanamke anayeyajua haya huweza kujiandaa, kuzungumza na mume wake, kuomba ushauri wa nini cha kufanya baadaye. Asiyejua hudhani amerogwa, au mume hudhani amechukiwa, na ndoa huvunjika kwa jambo ambalo muuguzi angelieleza kwa dakika 10.

Hoja ya pili ndiyo inayotuudhi kuliko zote, kwa kuwa huvaa nguo za huruma. Husemwa: maskini ana uchaguzi gani? Mashine ziko mbali, dawa mara zipo mara hazipo, fedha hana. Mambo ya kuchagua ni ya matajiri. Maskini apewe kilichopo ashukuru.

Tunajibu kwamba maskini ndiye anayechagua mambo mazito zaidi, na ndiyo maana ni ukatili kumfungia macho. Tajiri akikosea tiba hupoteza fedha. Maskini hupoteza shamba, ng'ombe, ada ya mtoto, na miezi yake ya mwisho ambayo angeitumia nyumbani. Chukueni mfano wa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema. Ziko njia mbili: kuondoa titi lote, au kuondoa uvimbe peke yake kisha kufuatisha mionzi. Tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na moja ya Italia, ziliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2002 ilionekana kwamba waliopona kwa njia hii na waliopona kwa njia ile walikuwa sawa. Ikiwa ni sawa, nani aamue? Mwanamke mmoja atasema titi langu ni sehemu yangu, nitavumilia safari na wiki nyingi za mionzi. Mwingine atasema nina watoto wadogo na nyumba haina mtu, ondoeni mnichome sindano zenu nirudi. Wote wawili wana akili timamu. Daktari bingwa anazijua saratani kuliko wao, lakini hajui nani atakamua mbuzi wakati mama hayupo.

Au mchukueni mzee ambaye saratani yake imefika kwenye mifupa na anaumwa usiku kucha. Mionzi hutuliza maumivu hayo. Imethibitishwa kwa tafiti nyingi kwamba kikao kimoja cha mionzi hutuliza sawa na vikao 10, isipokuwa wanaopewa kimoja mara nyingi zaidi huhitaji kurudia baadaye. Kwa mzee anayeishi karibu na hospitali tofauti hiyo si kubwa. Kwa mzee anayetoka mkoa wa mbali, tofauti ni siku moja au wiki mbili za kulala kwa watu na kununua chakula cha hoteli. Tangu Taasisi ya Saratani Ocean Road ilipoanzishwa mwaka 1996, kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa kupata mionzi katika nchi nzima; leo mionzi inapatikana pia Bugando, Mwanza, lakini kwa wengi safari bado ni ndefu. Je, wazee wetu wanaambiwa kwamba hata hilo linaweza kuulizwa?

Na iko njia ya tatu ambayo haitajwi kabisa, kwa kuwa daktari huona ni kushindwa na ndugu huona ni kumtupa mgonjwa. Nayo ni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kusafisha vidonda, kumsindikiza mtu akiwa nyumbani kwake, bila kumfukuzia tiba ambayo haitamponya. Jirani zetu wa Uganda walianza kazi hiyo mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliofundishwa maalumu kuandika morfini ya kunywa, ili dawa imfikie mgonjwa kijijini. Mgonjwa asiyejua kwamba tiba hiyo ipo hawezi kuichagua. Atauziwa ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya dripu ya mwisho, kisha tutamsifu kwenye mazishi kwamba alipigana hadi mwisho. Nani alimwuliza kama anataka kupigana?

Husemwa tena kwamba mgonjwa hakusoma, hataelewa. Mkulima asiyejua herufi moja hupima kila mwaka mbegu, mvua na deni, na hubashiri vizuri kuliko maofisa wengi. Asichokielewa ni Kiingereza. Hapa tuseme wazi: fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mgonjwa, akawekewa wino kwenye kidole gumba, si ridhaa. Ni alama ya kidole tu, ya kumlinda aliyeiandika. Mwaka 2021 nchi yetu ilitunga sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ili mwananchi aelewe anashtakiwa kwa nini na amehukumiwa vipi. Mshtakiwa wa wizi ana haki ya kuelewa kesi yake kwa Kiswahili, na mwenye uvimbe asiwe nayo? Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuandika katika Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa. Tena aelezwe, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia elimu yake. Sheria peke yake haimfungui daktari kinywa, tunajua. Lakini humpa mgonjwa mahali pa kusimama.

Kuhusu uchache wa madaktari hatubishani. Tumewaona wakihudumia foleni isiyokwisha tangu asubuhi, na wengi ni watu wema waliochoka. Ila kumpa mgonjwa nafasi si lazima kuwe kazi ya daktari bingwa peke yake. Muuguzi aweza kueleza. Ofisa wa ustawi wa jamii aweza. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, inayoonyesha njia zilizopo na mema na mabaya ya kila njia, yaweza kusomwa kwenye foleni ile ile. Vifaa vya namna hiyo vimepimwa katika tafiti zaidi ya 200 zilizojumlishwa mwaka 2024, nyingi zikiwa za nchi tajiri, na imeonekana kwamba wagonjwa waliopewa hujua zaidi, huona wazi zaidi lipi ni muhimu kwao, na hushiriki zaidi katika kuamua. Karatasi haihitaji umeme wala fundi kutoka ng'ambo.

Sasa tugeuke kwetu, kwa maana Kanisa lina hospitali, na baadhi ya wale wanaowaita watoto wa wagonjwa kwenye korido hulipwa na Kanisa. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2278, inafundisha kwamba uamuzi wa kuacha tiba nzito isiyolingana na manufaa yake ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo, na asipokuwa nao ni wa wale wenye haki kisheria, wakiheshimu matakwa yake. Papa Pio wa 12 alikwisha kufundisha mwaka 1957 kwamba si lazima mtu kutumia kila njia isiyo ya kawaida ili kurefusha maisha, na kwamba dawa za kutuliza maumivu zaweza kutumika. Mafundisho hayo ni ya zamani. Lakini katika mahubiri yetu juu ya uhai tumesisitiza sana tusiue, tukanyamaza kabisa kwamba mgonjwa ndiye wa kuulizwa. Matokeo yake, wapo Wakristo wanaoamini kwamba kukataa dripu ya sita ni dhambi, na mapadre ambao hawajawahi kuwasahihisha.

Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, wengine wakitoka kwenye vitanda vya hospitali. Wasomi waliwacheka. Sisi hatukucheka, tuliogopa, maana wengi walikufa njiani au waliacha dawa zilizokuwa zikiwasaidia. Lakini mtu aliyefichwa ugonjwa wake hospitalini anawezaje kupima ahadi anayopewa nje ya hospitali? Anayefichwa huokota uongo wa kwanza utakaomwendea uso kwa uso.

Kwa hiyo tunadai, katika hospitali za serikali na zaidi katika hospitali zetu: majibu apewe mgonjwa mwenyewe, akiwa ameketi, pamoja na ndugu aliyemchagua yeye. Aelezwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwake. Kabla hajatia sahihi aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Akishindwa, aliyeshindwa ni mwelezaji. Apewe siku za kwenda kufikiri, kwa kuwa saratani nyingi hazidai uamuzi wa siku ile ile, na zile chache zinazodai, daktari aseme hivyo na kwa nini. Nanyi wagonjwa msiogope kuuliza: njia zangu ni zipi, kila moja itanipa nini na itaninyang'anya nini, na nisipofanya lolote itakuwaje? Daktari atakayekasirishwa na maswali hayo, tupeni habari zake, nasi tutakwenda kumwona kwa upole.

Kamati yetu imejiwekea sharti. Hatutazungusha tena bahasha ya mchango kwa ajili ya mgonjwa yeyote wa saratani kabla wawili kati yetu, mmoja wao mwanamke, hawajaketi naye faragha na kumwuliza anajua nini, anataka kujua nini, na anataka fedha hizo zifanye nini. Akisema zilipe mionzi, zitalipa mionzi. Akisema zilipe ada ya mtoto na dawa za maumivu, zitalipa hizo, na ukoo utakaokasirika utukasirikie sisi. Kikao cha kwanza kwa utaratibu huu kitakuwa Jumamosi, saa 10 alasiri, nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe. Chai wataandaa wengine.